Samaki Aliyekufa Maji

Nilikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa nilipoachiwa nyumba nzima na samaki wawili wa kulinda. Nilikuwa mpishi. Mwajiri wangu alikuwa Mzungu mseja, mpimaji wa visima, mtu mrefu mwenye magoti mekundu, aliyekaa kule juu Nakuru ambako mteremko wa Menengai unaanza. Nusu ya mwaka alikuwa Turkana akitafuta maji chini ya mchanga, na nusu nyingine alikaa kwenye kiti chake akiyatafuta maji hayo hayo kwenye ramani. Siku moja alirudi na lori limejaa vumbi, na ndani ya madebe mawili ya maziwa alikuwa na samaki kutoka ziwa la kule kaskazini. Nikadhani ni kitoweo. Nikanoa kisu.

"Hapana kisu," akasema. "Hii samaki ya kukaa."

Samaki wa kukaa. Kwetu magharibi samaki hukaa mtoni, na akitoka mtoni hukaa chunguni, na baada ya hapo hakuna habari yake tena. Lakini mshahara haubishani. Fundi wa Kihindi wa mjini alitengeneza sanduku la kioo lenye fremu ya chuma na sakafu ya bati nene, likawekwa sebuleni juu ya matofali, na chini yake lampu ndogo ya mafuta ya taa ili maji yasipoe. Samaki wa Turkana kuletwa Nakuru ni sawa na mtu wa Mombasa kushushwa kwenye baridi ya milima ya Dundori bila sweta.

Kila mmoja alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Magamba yao yalikuwa magumu, yakikugusa mkono unadhani umegusa bati. Mgongoni hawakuwa na pezi moja kama samaki wa heshima, bali vipezi vidogo vidogo vimesimama mstari, kama bendera zilizotundikwa mjini Malkia alipotawazwa. Puani walikuwa na vijineli viwili. Bwana aliwaita kwa jina la Kilatini ambalo ulimi wangu ulilikataa; siku hizi nimejua kwamba huitwa bichir. Mimi na mtunza bustani tuliwaita Wazee, kwa sababu hawakuwa na haraka ya kitu chochote.

Bwana alikuwa anajaribu kujua ni saa gani wanatembea na saa gani wanatulia, na joto linawafanya nini. Ilinishangaza kwamba mtu mzima aliyesoma alitaka kujua jambo hilo. Alinipa daftari. Asubuhi, adhuhuri na jioni nilitakiwa kusimama mbele ya kioo kwa muda wa kuchemsha yai, kisha niandike: sifuri kama hawakusogea, kijistari kimoja kama wamesogea kidogo, viwili kama wametembea, vitatu kama wamechangamka sana. Nilikuwa nimesoma misheni hadi darasa la nne, na kazi hiyo ilinipa majivuno ambayo kuosha sahani hakujawahi kunipa. Basi nikasimama. Nikaandika sifuri. Adhuhuri nikaandika sifuri. Jioni jua likiingia nyuma ya milima, mmoja alijiinua juu ya mapezi ya kifuani kama mzee anayeegemea viwiko, akageuza shingo, ndiyo, walikuwa na shingo hasa, akanitazama. Nikaandika kijistari kimoja.

Macho yao hayakufaa kitu. Ungeweza kuweka kipande cha ini mbele ya uso wa mmoja naye akakipita. Lakini harufu ikishamfikia, vile vijineli vikaanza kutafuta, angetambaa mchangani akipapasa mpaka akipate, akiguse, akimeze mzima, kisha alale tena kana kwamba amechoka na kazi ya mwaka. Siku za mawingu walitembea zaidi. Mvua ikikaribia walijua kabla ya kuku wa jirani. Baridi ya mwezi wa saba iliwafanya mawe kabisa, hata na lampu. Na mara moja moja, mmoja aliinuka ghafla kama aliyekumbuka jambo, akapanda wima hadi juu, akatoa pua, chup, akashuka upesi kama aliyeona aibu. Hilo nililiona kila siku. Bwana hakuniambia ni la nini, nami sikuuliza. Mtumishi hodari wa siku zile alikuwa yule asiyeuliza, na mimi nilitaka sana kuwa hodari.

Nilikuwa na sababu. Nyumba zile zilikuwa na chumba kimoja cha mtumishi nyuma ya jiko, na kanuni yake ilijulikana: mke wa mtumishi huja kusalimia, analala siku tatu, anarudi kwao. Mke wangu alikuwa nyumbani magharibi, safari ya treni na mguu. Tangu tuoane tulikuwa tumeishi pamoja miezi miwili, likizo moja kila mwaka. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake, na jambo hilo lilinitia hofu. Niliwahi kumwomba Bwana mara mbili amruhusu aje kukaa. Mara zote mbili alisema ataangalia, na mkubwa akisema ataangalia ujue ameshafumba macho.

Mwezi wa tisa alipokuwa akifunga masanduku kwenda Ulaya kwa likizo yake ndefu ya miezi sita, nilimwomba mara ya tatu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo akiwaaga Wazee. Hakugeuka.

"Nikirudi, nikute hawa wawili hai," akasema. "Basi mama aje. Akae."

Nilimwandikia mke wangu siku hiyo hiyo. Mwalimu wa kanisa alimsomea, na mwalimu huyo huyo aliandika jibu lake: ameanza kujitayarisha, kuku amempa dada yake, na shamba hatalilima msimu ujao, jirani amekwisha kuliomba. Mwisho alimwambia mwalimu aandike hivi: "Niambie hao samaki wanakula nini, nisije nikawa adui yao." Nilicheka peke yangu jikoni hadi nikalazimika kukaa.

Mwezi wa kumi wakaja askari na lori kumchukua mtunza bustani. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, yeye alikuwa Mkikuyu, na Wakikuyu wengi walikuwa wakiondolewa Nakuru bila kuulizwa wana nini shambani. Aliniachia jembe na sweta yake ya bustani juu ya ukingo wa dirisha, akapanda lori. Sikumwona tena, na sijui yaliyompata. Nyumba za jirani zilipoteza watumishi vilevile. Kule mtaani kwetu juu pakawa kimya kiasi kwamba niliweza kusikia treni ikishushiwa mabehewa kule stesheni. Jumamosi nilishuka mtaa wa Bondeni kununua ini na mapupu ya Wazee, lakini watu wa Bondeni walikuwa wameacha kusimama kuongea. Kila mtu alipita na kipande chake cha utambulisho mfukoni na macho yake chini.

Nilikuwa mpweke. Nalisema wazi, maana wakati ule sikulisema kwa mtu. Nilipika ugali wa mtu mmoja katika jiko la watu kumi. Nilipangusa vumbi lililopeperushwa kutoka ziwa la Nakuru kwenye viti ambavyo hakuna aliyevikalia, na kesho yake nikapangusa tena. Kilichokuwa hai katika nyumba ile ni mimi na Wazee wawili, nao walikuwa hai kwa shida. Nikaanza kuwasalimu. Baadaye nikaanza kuwasimulia. Nikawaambia kitanda kitakaa upande gani mke wangu akija, na kwamba nitaomba mbao nimpigie rafu ya vyombo. Walilala ubavu kwa ubavu, wamejiegemeza kwenye mapezi yao, wakisikiliza kwa adabu ambayo sijaiona hata kanisani. Kila siku niliandika kwa uaminifu: sifuri, sifuri, kimoja. Wakati mwingine nilitamani kuandika viwili kwa kuwahurumia.

Mwezi wa kwanza, mmoja alitoroka. Niliingia asubuhi nikakuta mstari wa unyevu kwenye sakafu ya saruji, ukipita chini ya meza, ukipita zulia, hadi mlango wa jiko. Alikuwa amejikunja pembeni ya ndoo, amevaa vumbi na nyuzi za zulia kama andazi lililodondoka kwenye unga. Nikamwinua nikiwa nimekwisha kumlilia mke wangu, siyo yeye. Akajipinda mkononi. Nilipomrudisha majini alilala muda mrefu, kisha akapanda juu, chup, akashuka. Mzima kabisa.

Tangu hapo sikupata amani. Mbao zilizofunika kioo zilikuwa na nafasi pembeni, na niliamini kwamba kila walipopanda juu walikuwa wakipima mahali pa kutokea. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nikihifadhi plamu. Bwana alikuwa na mti mmoja nyuma ya nyumba, na aliniagiza matunda yasipotee. Kazi hiyo nilifundishwa nikiwa kijana huko Njoro na mama mmoja wa Kizungu mwenye kiboko cha maneno. Sheria yake ilikuwa moja: hewa ndiyo adui. Jaza chupa mpaka imwagike, funika ikingali inamwagika, kaza. Ukiacha nafasi ya ukucha kati ya maji na kifuniko, uozo utaingia hapo hapo. Nilikuwa nimepanga chupa ishirini za plamu mezani, nyekundu, hazina tone la hewa, na nilizitazama kwa fahari. Kisha nikageuka nikatazama sanduku la samaki, na ile nafasi ya vidole vinne juu ya maji.

Ningesema kwamba shetani ndiye aliyenishauri, lakini shetani hahifadhi plamu. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na ufundi wangu. Nilikwenda kwa fundi nikamwomba kipande cha kioo cha kufunika juu. Nikabadilisha maji, nikayajaza mpaka yakamwagika, nikateremsha kifuniko taratibu kutoka upande mmoja ili kisibakize povu, kama nilivyofundishwa, nikaweka tofali kila pembe. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba hukujua kama yapo. Hapakuwa na pa kutorokea tena.

Adhuhuri ile, kwa mara ya kwanza katika miezi minne, Wazee walitembea mchana kweupe. Walizunguka kioo. Walipanda, wakashuka, wakapanda. Mmoja alisugua pua yake juu ya kifuniko kutoka pembe hadi pembe, na vipezi vya mgongoni vilikuwa vimesimama vyote. Nilifurahi mno. Nikachukua daftari nikaandika vijistari vitatu, na chini yake nikaongeza maneno, jambo ambalo sikuwahi kulifanya: "Leo wamechangamka sana. Wanapenda maji safi." Jioni nikaandika vitatu tena. Nilikwenda zangu kulala nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa sifa.

Asubuhi mkubwa wao alikuwa ameelea tumbo juu, amebanwa chini ya kifuniko.

Niliondoa matofali. Nikachota maji kwa kopo ili nipate nafasi ya kumtoa, na maji yaliposhuka kadiri ya vidole viwili, yule mdogo, aliyekuwa amelala kwenye mchanga kama kamba iliyotupwa, alipanda. Chup. Akashuka. Kabla sijamaliza kuvuta pumzi yangu akapanda tena. Chup. Alifanya hivyo labda mara thelathini nikiwa nimesimama na kopo mkononi, na hakuna aliyehitaji kunieleza kitu. Samaki yule alikuwa anapumua hewa kama mimi. Niliwafungia nje ya hewa kwa ustadi mkubwa, na mmoja amekufa maji, samaki, ndani ya maji.

Nilimzika chini ya mti wa plamu. Kisha nikakaa kwenye ngazi ya jiko na kuona mambo yote kwa mpangilio wake. Bwana alisema wawili. Sasa kuna mmoja. Hawezi kukubali, na mke wangu yuko nyumbani hana kuku, hana shamba, mvua ya mwezi wa tatu inakaribia, na watu wanamuuliza anaondoka lini. Nilifikiri namwonea huruma. Siku hizi najua kwamba nilikuwa naogopa aibu, nilitaka uchungu uishe upesi, niumalize mwenyewe kwa mkono wangu kuliko kuungoja. Nikaandika barua. Sikuandika habari ya samaki, wala ya plamu, wala ya kioo. Niliandika: "Bwana amekataa. Usije. Lima shamba." Nikaipeleka posta siku hiyo hiyo, kwa miguu, mbio.

Wiki zilizobaki nilikaa na yule mmoja. Alikuwa amebadilika. Hakulala tena katikati ya mchanga bali kwenye pembe, ubavu wake umegusa kioo, upande ule ambao mwenzake alikuwa akilala. Nilirudi kwenye sifuri zangu. Sikumsimulia tena habari ya kitanda wala rafu. Tulikaa tu, yeye pembeni kwake na mimi kwenye kigoda.

Bwana alirudi mwishoni mwa mwezi wa tatu, mweupe kama unga. Alikwenda moja kwa moja sebuleni. Nilisimama mlangoni nikiwa nimevaa kanzu safi, na nilikuwa nimekariri uongo wangu: baridi, uzee, mapenzi ya Mungu. Hakuniuliza. Alichukua daftari akaketi, akafungua ukurasa baada ya ukurasa wa sifuri, akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika penye vijistari vitatu na maneno yangu. Akasoma. Akatazama kifuniko cha kioo nilichokiegemeza ukutani.

"Ilikuwa inatafuta hewa," akasema.

"Ndiyo, Bwana."

"Mimi sikuambia wewe." Alifunga daftari. "Hii kosa ya mimi pia." Kisha akavua kofia, akapangusa paji la uso na kusema, kama mtu anayeagiza chai, "Na mama? Anakuja siku gani?"

Nakumbuka nilirudi jikoni nikashika ukingo wa meza.

Barua yangu ya kumwita tena iliondoka na treni ya kwanza. Jibu lilichukua majuma matatu, nalo lilikuwa la hasira iliyopigwa pasi vizuri na mwalimu wa kanisa. Aliniambia kwamba alipopata ile barua ya kumkataza alimwendea jirani akajinyenyekeza ili arudishiwe shamba, na amelipata, na amepanda mahindi shamba zima na maharagwe katikati. "Mahindi hayaachwi yakiwa ya magoti," alisema. "Na mimi si duka la Bwana wako, kwamba leo akikataa nifunge na kesho akikubali nifungue. Tutaangalia baada ya mavuno."

Baada ya mavuno mama yangu akaanguka, akavunjika mguu, na hakukuwa na mwingine wa kumtunza. Mwaka uliofuata mke wangu alikuwa na mimba. Bwana akahamishwa Nairobi, akaondoka na Mzee wake ndani ya debe lile lile, na mwajiri aliyemfuata hakutaka kusikia habari ya wake za watu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimepika katika majiko ya Nakuru miaka thelathini na moja, na mke wangu hakuwahi kukiona chumba changu hata kimoja. Tangu hapo likizo yangu ilikuwa mwezi wa kumi na mbili kila mwaka, na watoto wetu wanne wote wamezaliwa mwezi wa tisa. Majirani hututania kwa hilo, nasi hucheka pamoja nao.

Nilistaafu nikarudi nyumbani, tukawa wazee wawili tuliofahamiana kwa barua. Hakujua kwamba siwezi kulala mlango ukiwa umefungwa kabisa. Sikujua kwamba huimba akiwa na wasiwasi. Ilituchukua mwaka mzima kuacha kuombana radhi kila tulipopishana mlangoni.

Mchana mmoja tulikuwa tumeketi kwenye baraza, yeye akichambua maharagwe kwenye ungo, nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba hakuna aliyekataa. Nilimweleza plamu, na kioo, na vijistari vitatu, na jinsi nilivyoandika neno "amekataa" huku mtu mwenyewe akiwa bado Ulaya, hajui lolote. Nilitazamia anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama tangu mwaka ule.

Aliendelea kutupa vijiwe pembeni, kimoja kimoja. Kisha mkono ukasimama juu ya ungo.

"Ungeniandikia tu kwamba mmoja amekufa, mzee," alisema. "Ningekuja kwa ajili ya yule aliyebaki."